Niliziba masikio wakwe walipopiga vigelegele, baba mdogo akawaambia ni mila yetu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi, na ninyi mnaosoma mkiwa kazini mmeficha simu chini ya meza, poleni na majukumu.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, kichwa hiki hiki kinachowaandikia. Wale wazee wa "hii chai" mje mkae mbele, nafasi zipo. Ingekuwa chai ningejitengea kipande cha ushujaa mahali fulani. Nimeusoma uzi mara mbili kabla ya kuuweka hapa, sijakiona.

Uzi ni mrefu kidogo. Twende taratibu.

Mimi ni mnunuzi wa viazi, makazi Mbeya. Nanunua kwa wakulima huko juu Isyonje na vijiji vya jirani, napakia fuso, nashusha mjini. Watu wanadhani kazi yangu ni viazi. Viazi ni kisingizio tu wakuu. Kazi yangu ni kubishana.

Sasa kwa wasiojua, kuna kitu kinaitwa lumbesa. Gunia likishajaa mpaka mdomoni, unaongeza viazi vingine juu vinasimama kama kilemba, unafunga kwa kamba, halafu unamlipa mkulima bei ya gunia moja. Serikali inakataza, mkulima analalamika, mnunuzi anasema "ndivyo soko linavyotaka."

Mkitaka kumjua huyo soko, ndo mimi.

Siku ya tukio tulikuwa tunapakia. Nimesimama pembeni ya fuso nahesabu, na kama kawaida yangu nikimaliza narudia, maana hesabu ya kwanza ni ya kwangu na ya pili ni ya kumkamata mtu. Gunia la juu kabisa, ambalo nilisimamia mwenyewe liongezwe mpaka likawa na shingo, likaanza kulegea. Mpakiaji akapiga kelele, "Bosi!"

Nikainua kichwa nimuulize nini.

Gunia likajibu.

Nilizinduka hospitali. Nikapigwa CT scan, nikaambiwa ubongo umetikisika na damu kidogo imevia ndani, ila haihitaji kupasuliwa. Nikalala pale, nikatunzwa vizuri, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Majirani wakaja na pole na sukari. Nikapiga hesabu: nipo hai, sijapasuliwa, sukari ipo. Nikajiona nimetoka na faida.

Kumbe hesabu ya pili ilikuwa bado.

Ilianza na kijiko. Mke wangu alikuwa anakoroga chai, kijiko kikagusa kikombe, na mimi nikaruka kitini kama nimechomwa. Akanitazama. Nikamwambia, "Mama Atu, mbona unapiga kikombe?"

Akasema, "Nakoroga, baba Atu."

Akakoroga tena polepole, ananichungulia. Nikaruka tena.

Baada ya hapo ikawa kila kitu. Sufuria zikigusana, pikipiki ikipita, mlango ukibamizwa. Na mvua ya Mbeya juu ya bati, wakuu, mvua ile ambayo zamani ilinibembeleza usingizi, sasa ikawa kama mtu anamwaga kokoto ndani ya fuvu. Sio kwamba sauti ilikuwa kubwa tu. Ilikuwa inaingia na kitu chenye ncha, halafu kizunguzungu, kichefuchefu, halafu nasahau nilikuwa nasema nini.

Kwa mtu wa hesabu huo ni msiba. Nipo katikati ya kuhesabu magunia, honi inalia, naanza upya. Naanza upya, muuza kahawa anagonga vikombe vyake. Mwisho nilikuwa nahesabu gari moja mpaka wapakiaji wanalala juu ya mzigo.

Nikarudi kwa daktari. Mama mmoja mpole, anaongea chini, nilimpenda hapo hapo. Akanieleza hivi: ubongo una kama chekeche. Sauti zote zinaingia, chekeche linapitisha za maana na kuzuia takataka. Langu limetoboka. Sasa kila sauti inapita, na zote zinafika mezani kwa pamoja zinadai kuhudumiwa.

Nikamuuliza, "Litarudi lini?"

"Taratibu. Wengine miezi, wengine zaidi. Siwezi kukuahidi."

"Daktari, hakuna namna ya kunipunguzia?"

Akacheka. "Hapa hakuna bei ya maelewano, mzee. Usijifungie kwenye kimya muda wote, maana ubongo utazoea kimya na kelele ndogo itakuumiza zaidi. Lakini usijitupe kwenye kelele pia. Kidogo kidogo. Ukichoka, toka, pumzika, rudi."

Basi tukaanza kuishi hivyo. Mama Atu akatandika kitambaa kwenye sinki, akarudisha mwiko na vijiko vya mbao, tukajinyima tukaweka dari. Rafiki yangu mmoja anafanya kazi kwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu Makongolosi akaniletea yale madude ya kufunika masikio, makubwa meusi. Nayaita "redio," maana ukiyavaa watu wanakuuliza unasikiliza kituo gani. Na kuna vile vidude vya sponji vya rangi ya chungwa vya kuchomeka sikioni, navyo nikanunua. Nikajifunza kutembea nacho kimoja tu: sikio la kushoto nafunga, la kulia naacha wazi kwa ajili ya biashara.

EDIT: Kuna mdau ameuliza kama earphone za kawaida zinafaa. Mkuu, mimi sio daktari, mimi ni muuza viazi niliyepigwa na viazi. Nenda hospitali.

Sasa hapa kuna jambo la kuchekesha. Nilivyorudi kununua, nikagundua wakulima wananiogopa. Kwa nini? Mkulima anataja bei, wakati huo huo jogoo anawika nyuma ya nyumba, mimi nakunja uso kwa maumivu. Yeye anadhani nimekunjia bei yake. Anashusha. Ng'ombe analia, nakunja tena, anashusha tena. Sijafungua mdomo!

Nikaanza kujiona kichwa changu kibovu ni mtaji.

Ila kulikuwa na upande wa pili. Sokoni maneno yalianza: "Yule dishi limeyumba." Mnajua lugha yetu wakuu. Ukivunjika mguu, wewe ni mgonjwa wa mguu. Ukiumia kichwa, hata kiwe kimeumia kwa gunia, wewe ni mgonjwa wa kichwa, na mgonjwa wa kichwa ni mtu mwingine kabisa. Anafungiwa milango.

Na hapo ndipo anapoingia mdogo wangu Lusajo.

Lusajo anafanya kazi Iringa mjini. Baba yetu alifariki yeye akiwa bado anavaa kaptula, nimemlea mimi. Akampata binti wa Kihehe anaitwa Faraja, nesi, binti ametulia. Kwao ni kijiji kimoja njia ya kwenda Kilolo. Barua ya posa ilishapokelewa, ikabaki kwenda kukaa na wakwe kuzungumza mahari. Na msemaji ni nani? Ni mimi. Miaka yote naambiwa, "Siku Lusajo akioa, wewe utawamaliza."

Lusajo akanipigia simu, anazunguka zunguka. "Kaka, nilikuwa nafikiri... labda tumtafute mshenga mwingine?"

"Kwa nini?"

"Faraja anasema shangazi yake ndiye mwenye maamuzi. Na shangazi anachunguza ukoo. Kifafa, uchawi, wazimu. Kuna kijana mmoja alikataliwa kwa sababu babu yake alikuwa anaongea peke yake shambani."

"Ulevi hachunguzi?"

"Ulevi hapana. Kule ni kwenye ulanzi kaka, asingebaki wa kumuoa mtu."

Nikamwambia atulie. Siku moja nitashindwa kuonekana mzima? Mimi niliyenunua viazi kwa kukunja uso tu?

Tukakubaliana habari ya kichwa isitajwe. Mimi, Lusajo na baba mdogo Asegelile. Huyu baba mdogo anatoka Tukuyu, ana moyo mzuri sana na ana sauti moja tu. Mnyakyusa wa zamani, akinong'ona anasikika mtaa wa tatu. Nilimwomba awe ananisaidia kuitikia mambo madogo madogo. Hilo ombi nalijutia mpaka leo.

Tulikodi Noah, Lusajo akaja Mbeya kutuchukua akaendesha yeye, mimi nimekaa nyuma na "redio" yangu kichwani kutoka Mbeya mpaka Iringa. Baba mdogo alizungumza njia nzima. Niliona mdomo.

Tumefika. Lusajo akabaki kwenye gari chini kidogo ya nyumba, maana siku ya mahari muoaji haingii. Nikavua redio, nikachomeka sponji sikio la kushoto, nikavuta koti, tukaingia.

Mwenye nyumba, baba yake Faraja, alikuwa amekaa upande gani? Kushoto.

"Kamwene," akanisalimia kwa Kihehe.

Sikusikia. Nikapita mbele yake kama mti, nikaenda kumsalimia mjomba aliyekuwa kulia.

Faini ya kwanza. Kreti la soda. Wakacheka, nikacheka, baba mdogo akacheka na bati likatetemeka. Faini za ukweni ni mchezo, kila mtu anajua, sikujali sana.

Sebule ilikuwa imejaa. Watoto wanakimbia, sabufa inapiga kwaya, akina mama jikoni wanagonga masufuria. Nikawa nakunja uso. Mzee akitaja jambo, nakunja. Shangazi, anaitwa Modesta, mama mnene ana macho ya kupima nguo, akawa ananitazama tu.

Akasema, "Huyu mshenga mbona kila tunachosema kinamchachia?"

Baba mdogo akawahi: "Ndivyo alivyo. Ni uso wa biashara!"

Ikapita.

Halafu akaletwa Faraja. Mnajua ile mila: binti anaingizwa, anaulizwa mbele ya watu wote, "Hawa wageni unawajua?" Akisema siwajui, mnabeba mguu wenu. Akisema nawajua, ndipo mazungumzo yanaendelea. Akishajibu anarudishwa chumbani, hana ruhusa ya kuongeza neno.

Faraja akaulizwa. Akainamisha kichwa, akasema, "Nawajua."

Wakuu, vigelegele vikalipuka.

Akina mama nisiojua idadi, kwenye sebule ya bati, mmoja yuko nyuma ya kiti changu kabisa, sikio la kulia, lile la biashara. Sikufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe. Nikaziba masikio yote mawili, nikafumba macho, nikajikunja mpaka kichwa kikagusa magoti.

Nilipofumbua, sebule imenyamaza.

Hebu jiwekeni mahali pao. Binti yao ametamka mbele ya ukoo kwamba anawajua hawa watu. Wanashangilia. Na msemaji wa hao watu ameziba masikio kama anasikia matusi. Faraja alikuwa bado mlangoni anaondolewa, nikamwona ananigeukia. Yeye ni nesi, Lusajo alishamweleza, anajua kila kitu. Alifungua mdomo, dada yake akamvuta ndani.

Shangazi Modesta akasema polepole, "Mshenga. Umeziba masikio."

Kabla sijajibu, baba mdogo akasimama. Niliuona mkono wake unapanda nikajua tumekwisha.

"Wakwe zetu!" akasema. "Msishangae! Hiyo ni mila yetu ya Kinyakyusa. Kwetu mtu akipata furaha kubwa anaziba masikio, ili furaha isitoroke!"

Ee Kyala, Mungu wangu.

Wakatazamana. Mzee mwenye nyumba akaanza kutikisa kichwa, taratibu, uso ukafunguka. "Ni nzuri," akasema. "Isitoroke. Ni nzuri sana. Jamani, wageni wametuheshimu, na sisi tuwaheshimu. Akina mama, rudieni!"

Na wakarudia. Kwa nguvu zaidi. Na kwa heshima yetu, nyumba nzima, wazee kwa watoto, nao wakaziba masikio.

Sijawahi kuona kitu kile maishani. Sebule nzima ya Wahehe imeziba masikio kwa adabu, wanapiga kelele kwa mdomo, na mtu pekee anayehitaji kuyaziba anatokwa machozi. Wakaona machozi wakasema amefurahi huyu.

Walipoanza raundi ya tatu, mjomba wa Faraja akainua mkono. Mwalimu mstaafu, alikuwa kimya muda wote. Akasema, "Samahani. Mimi nimefundisha Rungwe mpaka nikastaafu. Nimekaa kwenye harusi zao, kwenye misiba yao, nimekula ndizi zao. Hiyo mila sijaiona."

Baba mdogo akasema, "Ni ya upande wa milimani."

"Nilikuwa upande wa milimani."

Wakuu, nimewahi kukamatwa na mizani, nimewahi kukamatwa na mgambo. Kimya cha pale hakina mfano. Na cha ajabu, ndo kilikuwa kimya cha kwanza kukipata tangu niingie, na sikukifurahia.

Shangazi Modesta hakuinua sauti. "Mshenga, nikuulize wewe, sio mzee. Kwenu mna wazimu?"

Nikafikiri nimbishie. Kubishana ndo kitu pekee ninachokijua. Lakini nikamkumbuka Lusajo amekaa kwenye gari anatazama mlango wa nyumba hii. Nikisema hapana tu, wataenda kuuliza sokoni Mbeya, wataambiwa dishi limeyumba, na binti wa watu haji. Na itakuwa ni mimi, niliyemlea, niliyemharibia.

Nikatoa kile kisponji sikioni, nikakiweka mezani.

"Hapana shangazi. Tuna gunia."

"Gunia?"

"Gunia la viazi. Liliniangukia kichwani tukiwa tunapakia. Hospitali wakasema ubongo umetikisika. Akili ipo yote, ila sauti zinaniumiza. Sio chuki, sio dharau. Vigelegele vyenu vimeniingia kama misumari. Na mila ya kuziba masikio hatuna. Baba mdogo ameitunga sasa hivi hapo alipokaa."

Baba mdogo akatazama dari. Dari haikuwepo.

Mzee mwenye nyumba akasogea mbele. "Gunia la viazi. Kwani wewe unafanya kazi gani?"

"Nanunua viazi, mzee."

"Lilikuwa gunia la kawaida?"

Hapo nilijua swali linakoelekea, maana nilipokuwa naingia nilipita kwenye shamba lake la viazi.

"Lumbesa," nikasema.

"Lumbesa ya nani?"

"Yangu mwenyewe. Nilisimamia ijazwe."

Mzee akamtazama mjomba. Mjomba akatazama chini, mabega yanacheza. Halafu mzee akaanza kucheka, na kwa kuwa alishasikia habari ya masikio yangu akawa anajizuia, anajifunika koti mdomoni, machozi yanamtoka, anapiga goti lake kwa ngumi bila sauti. "Jamani," ananong'ona, "jamani, Mungu wa wakulima yupo. Miaka yote nalia na hawa watu. Kumbe maombi yanafika, yanachelewa tu."

Nyumba nzima ikawa inacheka kwa kujibana. Ila shangazi Modesta hakucheka.

Wakatoka nje kushauriana. Tumebaki mimi na baba mdogo na jagi la ulanzi. Simu ikawaka, Lusajo: "Kaka vipi?" Nikaandika "subiri." Nikafuta. Nikaandika tena "subiri." Baba mdogo akaninong'oneza, yaani kijiji kizima kikasikia, "Mwanangu, ningesema ni mila ya Wakinga wasingeijua."

Waliporudi, shangazi akakaa karibu yangu, upande wa kulia. Akaongea chini.

"Nina swali moja. Hawa wakizaa, watoto watakuja kwako. Wewe ndiye baba yao mkubwa, wewe ndiye babu. Watoto wanalia. Utawaziba midomo?"

Hilo swali sikuwa nimelipigia hesabu.

Nikamwambia ukweli. "Shangazi, nina wangu watatu. Wakilia, natoka mimi. Nakaa ndani ya fuso mpaka kichwa kitulie, halafu narudi. Sijawahi kumwambia mtoto anyamaze kwa ajili ya kichwa changu. Nyumba ni yao."

Akanitazama na yale macho yake ya kupima nguo. Kisha akageuka akamwambia mtu, "Zima hiyo sabufa. Watoto, nendeni kwa bibi yenu. Na huyo kuku toeni."

Tukazungumza mahari kwa kunong'ona.

Niwaambie wafanyabiashara wenzangu: msikubali kamwe kujadili bei kwa kunong'ona. Huwezi kugonga meza. Huwezi kusimama ukajifanya unaondoka. Huwezi kusema "mnanichinja!" kwa sauti ya mtu anayeiba sukari. Silaha zangu zote zilikuwa za kelele, kumbe. Na kukunja uso hakukusaidia tena, maana nilipokunja mjomba aliuliza kwa huruma, "Ni bei au ni sauti?"

Kila tulipofikia idadi, iwe mbuzi, iwe blanketi la bibi, mzee aliongeza kidogo juu. Nikimuuliza hiyo nyongeza ni ya nini, ananong'ona, "Ndivyo soko linavyotaka."

Kiasi sitaji. Lusajo yumo humu jukwaani. Jueni tu kwamba kilikuwa na kilemba.

Na faini zilikuwepo: ya kutoitikia salamu, ya kuziba masikio, na ya baba mdogo peke yake, ya kutunga mila bila kibali cha wazee wa Tukuyu. Alilipa kwa furaha. Mpaka leo anasimulia kama tuzo.

Tulipomaliza kupeana mikono, nikaona akina mama wamejaa mlangoni, wanamtazama shangazi, shangazi ananitazama mimi. Akasema, "Baba, tuna shida moja. Majirani wote wanajua leo kuna wageni. Binti akishapokelewa na nyumba isitoe vigelegele, kesho watasema amekataliwa."

Nikamuuliza, "Mnaweza kunipa nafasi nifike kwenye gari?"

"Nenda. Tutakutazama. Ukifunga mlango tunaanza."

Nikatoka peke yangu. Sasa jiwekeni kwa Lusajo: anaona kaka yake anatoka bila mtu wa kumsindikiza, ameshika kichwa, uso umekunjamana, anatembea haraka. Nilipofika alikuwa ameshawasha gari. Analia, wakuu. Mwanaume mzima ameshika usukani. Mimi nikaingia, nikafunga mlango, nikavaa redio yangu. Aliniuliza kitu. Sikusikia, nikamwonyesha kidole kule nyumbani.

Akina mama walikuwa wameshatoka uani. Midomo ikafunguka yote kwa pamoja, vitenge vinapepea, shangazi Modesta katikati amerusha mikono. Na Faraja mlangoni.

Lusajo alivisikia. Niliona uso wake unavyobadilika. Alifungua mlango akakimbia na gari limewaka, kiatu kimoja kikabaki kwenye nyasi.

Mimi nilibaki mle ndani kwenye kimya, nawaangalia kama TV iliyozimwa sauti. Nikasogeza redio kidogo upande wa kulia. Kidogo tu. Ikauma. Nikaacha hivyo hivyo mpaka walipomaliza.

Funzo nililopata ni hili. Nilidhani nikificha kichwa changu namlinda mdogo wangu. Kumbe watu wakikosa maelezo wanajaza wenyewe, na wanavyojaza ni lumbesa. Sasa hivi nikifika mahali nasema mapema: jamani nina shida ya kelele, nikitoka nje sijakasirika. Wengine wanacheka, wengi wanapunguza sauti. Sokoni narudi kidogo kidogo, asubuhi mapema kabla hapajachangamka. Chekeche bado lina tobo, ila kijiko cha chai tumeshaelewana nacho.

Najua humu kuna wengi mlioanguka na bodaboda mkaambiwa mmepona, na mpaka leo kelele za watoto au honi zinawafanya mtake kulia, mnadhani ni hasira zenu. Nendeni mkaonane na daktari, mwambieni hivyo hivyo. Na wewe uliye na mtu wa namna hiyo nyumbani, anza na vijiko vya mbao.

Waliopitia haya semeni mnaishi nayo vipi, nasoma comment zote, mara mbili. Ombi langu ni moja tu, msiandike kwa herufi kubwa. Nasikia.